Vipimo vya Nasoro

Siku ya Uhuru wa Burundi, tarehe mosi Julai 1962, mimi na pacha wangu Nasoro tulisimama uwanjani Rumonge tumevaa mashati mawili meupe yaliyokatwa kwa kipimo kimoja. Kipimo kilikuwa changu. Fundi Uledi, aliyeshonea mtaa wetu wote wa Waswahili, alifanya hivyo tangu tukiwa wadogo. Mimi nilikuwa nyumbani na vitabu vyangu, Nasoro alikuwa ziwani na baba. Basi ananiita mimi, ananipima, anakata mara mbili.

"Mapacha wa nini kama kila mmoja atanipotezea wakati wake?" alikuwa akisema.

Mama naye alikuwa na sheria yake, aliyoitoa kwa mama yake kule Kizuka kabla hajaolewa na kusilimu. Pacha hapewi kitu peke yake. Ukinunua ndizi moja, ikate. Ukikosa nguo ya pili, hata ile ya kwanza usinunue, kwa sababu yule aliyenyimwa ndiye atakayepatwa na baya. Nasoro alinitangulia kuzaliwa kwa robo saa, na kwa robo saa hiyo aliniita Mudogo maisha yake yote.

Siku hiyo ya Uhuru, Hadji Mbaraka, mfanyabiashara wa mawese na ndagala, dagaa wa ziwa letu, alikaa jukwaani pamoja na wakubwa akiwa amevaa koti la kuazima kwa Mgiriki mmoja mwenye duka. Mikono ya koti ilimwishia mbali na viganja. Bendera ilipopanda, aliinua mkono kuipungia, na koti likapasuka kwapani kwa sauti iliyofika mpaka kwetu.

"Mudogo," Nasoro akaninong'oneza, lakini mnong'ono wake ulikuwa wa watu wa ziwani, "nchi imefunguka, na Hadji amefunguka."

Watu waliangua kicheko. Hadji alisikia. Hakukasirika. Alipita mbele yetu baadaye, kwapa limebanwa, akasema, "Mucheke tu. Sherehe ya miaka kumi mutaniona."

Hakuna aliyedhani angekumbuka. Lakini mwaka 1972 ulipoanza, mimi nikiwa nimemaliza shule ya sekondari Bujumbura na nikiwa karani wake wa barua za Kifaransa, Hadji aliniita barazani kwake siku chache baada ya Idi. Alikuwa amejuana na injinia mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa akijenga barabara. Injinia huyo alikuwa na mjomba fundi nguo, katika mji wa Napoli.

"Asmani, weye unajua Kifaransa. Utanipeleka Italia."

"Wewe ndiye utakayenipeleka, Hadji."

"Basi tutapelekana. Nataka kositimu iliyopimwa juu ya mwili yangu mwenyewe. Kila kipande. Tarehe mosi Julai nataka kuinua mikono yote miwili."

Uledi alipopata habari alikuja mwenyewe, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. "Kuvuka bahari kwenda kupimwa tumbo!" alisema. "Hadji, tumbo lako nalijua tangu halijatoka nje."

"Ndiyo maana nalikimbiza," Hadji alijibu.

Hadji alisema atanishonea na mimi, nisimtie aibu nikitembea kando yake. Nilipomwambia mama, hakuuliza Italia iko wapi. Aliuliza neno moja tu. "Na mwenzako?"

Hadji alikuja kumbembeleza. "Mama Nasoro, naenda safari, sifungui kiwanda."

"Basi Asmani asivae. Mbili ao hakuna."

"Mapacha hawa watanimaliza," Hadji alisema, lakini alikubali, kwa sababu alikuwa mtu mkarimu na kwa sababu hakuna aliyewahi kumshinda mama kwa maneno.

Nasoro hakuwepo. Alikuwa ameoa mwaka uliopita huko Ujiji, ng'ambo ya mpaka, na mkewe, Zuwena, alikuwa mjamzito. Alikaa kwa wakwe, akimsaidia baba mkwe kuunda chombo kipya cha uvuvi, na alikuwa ametuandikia kwamba hatarudi Rumonge mpaka mtoto azaliwe, mwezi wa sita. Barua hiyo niliisoma mwenyewe. Naiandika hapa ili ijulikane kwamba nilijua.

Tulifika Napoli katikati ya wiki ya pili ya Aprili. Karakana ya fundi ilikuwa orofa ya tatu, vyumba viwili vyenye mwanga mwingi. Mwenyewe aliitwa Don Aniello, mzee wa miaka sabini, mfupi, midomo imejaa pini. Kifaransa alijifunza ujanani Tunisi, na kilikuwa kizuri kuliko changu. Mafundi wake wanne walikaa kwenye viti vifupi, kila mmoja na kipande cha nguo gotini, wanashona kwa mkono. Cherehani moja tu ilikuwepo, imefunikwa kitambaa.

Alimpima Hadji kwanza. Hadji alivuta tumbo ndani.

"Mwambie apumue," Don Aniello alisema.

"Hadji, anasema upumue."

"Napumua."

"Anasema upumue kama unavyopumua nyumbani baada ya kula."

Hadji alilegea, na fundi akaandika namba bila kucheka. Alipima mambo ambayo Uledi hakuwahi kuyapima: jinsi mgongo ulivyopinda, umbali kutoka shingo mpaka kila bega, bega moja kando ya jingine. Kisha akanipima mimi. Aliniambia nisimame kama ninavyosimama kwetu, nami nikagundua kwamba sijui nasimamaje kwetu.

Alipomaliza nikamwambia, "Za kwangu ukate mbili. Ya pili ni ya pacha wangu."

Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mto mdogo uliofungwa mkononi mwake.

"Amesimama wapi huyo pacha?"

"Yuko nyumbani. Mwili wetu ni mmoja."

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Karani."

"Na yeye?"

"Mvuvi."

"Anavuta nyavu kwa mkono gani? Mzigo anabeba bega gani?"

Nilifikiri. Nilimwona Nasoro akipandisha ngazi ya ufukwe na kapu la ndagala, maji yakimchuruzika mgongoni. Niliuona uso wake, na kicheko chake. Bega sikuliona.

"Sijui," nilisema.

Don Aniello alikunja utepe wake. "Mimi sikati nguo ya mtu ambaye hata pacha wake hajui bega lake."

Hadji aliposikia tafsiri alifurahi, akaona ameokoka gharama ya suti moja. Lakini nilikumbuka neno la mama, nikambembeleza fundi. Baada ya kunywa kahawa alinieleza njia aliyoitumia zamani kwa mabaharia, waliokuwa wakiagiza nguo na kuondoka. Kila fundi, alisema, ana mkono wake. Mmoja anavuta utepe, mwingine anaulegeza. Namba iliyopimwa na mkono usioujua ni sawa na kubahatisha. Lakini akiwepo fundi mmoja aliyewahi kunipima mimi, na fundi huyo huyo ampime ndugu yangu, basi yeye atalinganisha namba zangu za kule na zake za hapa, atajua mkono ule unakosea wapi, na kutoka hapo atampata mtu wa pili.

"Yupo fundi kama huyo?"

"Yupo. Uledi."

"Basi ampime. Na upesi, kama mnataka nguo kabla ya kuondoka."

Ujiji kuna mafundi nguo wamejipanga barabara nzima. Nilimuuliza kama mmoja wao angetosha. Alitikisa kichwa. Mkono uleule, alisema.

Jumamosi tarehe 15 Aprili niliandika barua kwa Uledi, pamoja na mchoro wa mwili na mishale kuonyesha pa kupima. Siku hiyohiyo nilipeleka simu ya maandishi Ujiji. Maneno yake nayakumbuka yote. NENDA RUMONGE UPIMWE NA ULEDI USIKAWIE ASMANI.

Tulikaa kungoja. Don Aniello hakuwa mtu wa kuharakishwa. Nguo ilishikizwa kwanza kwa nyuzi nyeupe za muda, sisi tunaziita bandi, unajaribishwa, inafumuliwa yote, inaanzwa upya. Hadji alipojaribishwa mara ya kwanza na kuona mkono mmoja tu umebandikwa, aliniuliza kama kitambaa kimepungua. Asubuhi tulitembea bandarini. Alikuwa akiogopa nyama ya kila hoteli, kwa hiyo tulikula samaki na mkate kila siku.

"Maji mengi namna hii, na ndagala zao hazina utamu," alisema. "Mungu hakuwapa kila kitu."

Tarehe mbili Mei, Jumanne, tulikwenda kwa jaribio langu. Don Aniello alikuwa na gazeti juu ya meza ya kukatia.

"Nchi yenu," alisema, "ndiyo Burundi?"

Ilikuwa mistari sita chini ya ukurasa wa ndani. Nilimwomba anisomee kwa Kifaransa, nami nikamgeuzia Hadji kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, kama nilivyozoea kumgeuzia barua za biashara. Usiku wa Jumamosi kulikuwa na mashambulizi Bujumbura na kusini, ukanda wa ziwa. Watu wengi wameuawa. Jeshi limetoka.

"Wameandika Rumonge?"

"Hawakuandika, Hadji."

"Soma tena."

"Hawakuandika."

Hadji alikaa juu ya kiti kifupi cha fundi mmoja. Alikuwa na wake wawili na watoto sita huko. Koti lake la bandi lilikuwa bado mwilini, nyuzi nyeupe zikiwa zimetambaa kifuani, na hakuna aliyethubutu kumvua.

Tulikwenda posta. Nilipeleka simu kwa mama, kwa Uledi, kwa ofisi ya Hadji. Mwanamke wa dirishani alipokea kila siku kwa upole, na kila siku alitikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Usiku, mwenye nyumba tuliyopanga alituruhusu kusikiliza redio ya Kifaransa. Tulisikia kwamba hali imetulia. Kesho yake tulisikia kwamba watu wanavuka ziwa kwa maelfu. Ndege tuliambiwa tungojee. Tulipokwenda kuuliza, mtu wa ofisi ya ndege alisema hata tukifika Bujumbura, barabara ya kusini imefungwa, na akatuuliza, kwa nia njema, kwa nini tunataka kwenda huko sasa.

Mimi nilikuwa na jambo moja la kushika. Nasoro yuko Ujiji. Nasoro amekaa ng'ambo, salama, anachonga mbao na baba mkwe wake. Halafu nakumbuka simu yangu. Nikaanza kuomba jambo ambalo sikuwahi kuliomba: kwamba simu ile ipotee, karani wa Kigoma awe mlevi, mpeleka barua awe mgonjwa. Niliswali sala tano na katika kila sala niliomba nisisikilizwe na ndugu yangu.

Tarehe 16 Mei barua ilifika. Stempu ya Burundi, mwandiko wa Uledi, ule wa kukandamiza kalamu. Niliifungua papo hapo kwa furaha, kisha nikaona tarehe ndani. Ilikuwa ya Ijumaa, tarehe 28 Aprili, siku moja kabla ya mashambulizi.

"Kwako Asmani, amahoro," Uledi aliandika. "Nduguyo alifika jana na chombo cha Kigoma. Leo tumetoka sala ya Ijumaa, nimempima kama mchoro wako unavyosema, mara mbili, nisije nikachekwa na Wazungu. Nimeona haya, mwanangu. Miaka yote hii nilikuwa namvika wewe. Bega la kulia limeshuka karibu vidole viwili, mgongo ni mpana kuliko wako, mkono wa kulia ni mrefu. Nimemuuliza mbona hukusema nguo zinakubana? Anasema alidhani nguo ndivyo zilivyo."

Chini yake kulikuwa na namba, zangu na za Nasoro, zimepangwa vizuri, na chini ya namba mwandiko wa Nasoro, mkubwa, wa mtu aliyeacha shule darasa la nne.

"Mudogo, mwambie fundi wako bega langu limeshuka kwa kazi. Lako likishuka ni kwa uvivu. Zuwena alinigombeza kwenda, nimemwambia ni siku nne tu. Mama amenikamata anasema sitoki mpaka nishibe. Chombo ni Jumatatu. Nitavaa koti lako la Italia siku ya kumpa mtoto jina, wakwe wazimie."

Barua ilitoka Jumamosi asubuhi na dereva aliyekwenda Bujumbura. Mashambulizi yalianza Jumamosi hiyohiyo jioni. Chombo cha Jumatatu, hata leo sijui kama kiliondoka.

Don Aniello hakujua kilichoandikwa. Alikuwa akingoja namba. Nilimsomea, akaandika, akaweka karatasi mbili kando kwa kando, vipimo vyangu alivyochukua Uledi na vile alivyochukua yeye. Alipiga hesabu kwa kidole.

"Mkono wake unavuta kidogo kiunoni," alisema. "Mahali pengine hakosei. Fundi mzuri." Akachukua chaki. "Nikate?"

Nilimgeuzia Hadji swali.

"Mambo ya ndugu yako usiniulize mimi," Hadji alisema. Sauti yake ilikuwa imeisha siku hizo. "Lakini ukimwambia asikate, ni weye umesema hatalivaa."

Nilielewa. Nikamwambia akate.

Wiki moja baadaye koti la Nasoro lilikuwa limeshikizwa kwa bandi. Mwili wa kulijaribisha haukuwepo, basi Don Aniello aliniomba nisimame badala yake. Mara zote Nasoro alikuwa amevaa mimi, siku ile nilivaa yeye. Bega la kulia lilinilalia, mgongoni kulikuwa na nafasi ya kuingiza mkono mzima, na kiganja changu cha kulia hakikuonekana. Mzee aligusa ile nafasi ya mgongoni, akaiacha.

"Hili silimalizi," alisema. "Akija mwenyewe, au fundi wenu, atalimaliza. Nyuzi nitaziacha."

Hapo ndipo nilipomwambia habari zote, simu na tarehe. Alinisikiliza akiwa ameshika mkono mtupu wa lile koti. Alisema, "Ni mimi niliyetaka mkono uleule." Kisha akaenda chumba cha pili na hakurudi mpaka tulipoondoka.

Tulirudi mwanzo wa Juni. Bujumbura tulikaa mtaa wa Buyenzi kwa jamaa za Hadji. Huko alipata habari kwamba wake zake na watoto watano wamevuka mpaka Kigoma, na wa kwanza, aliyekuwa akisoma, alichukuliwa shuleni. Hadji aliitika, "Ehe," kama mtu anayepewa bei ya kitu. Hakurudi Rumonge tena. Suti yake sijui ilikwenda wapi.

Mimi nilipata karatasi ya kupita wiki ya tatu ya Juni. Vizuizi vilikuwa vingi. Kila mahali waliangalia pasi yangu, wakahesabu mihuri. Kwa kuwa ilionyesha nilikuwa Ulaya tarehe 29 Aprili, waliniacha. Kuanzia Minago, matunda ya mawese yalikuwa yameiva juu ya michikichi mpaka yamedondoka yenyewe, hakuna wa kukwea.

Uledi nilimkuta barazani kwake, cherehani mbele yake, haina uzi. Hakusimama. Alinishika mkono, akaushika muda mrefu, akaanza kusema bila kuulizwa.

Waasi walipoingia Jumamosi jioni, wengine wakisemekana wametoka ng'ambo, Nasoro alimficha mama na majirani wawili ndani ya banda la kukaushia ndagala. Walikaa humo siku mbili. Yeye ndiye aliyetoka kuwatafutia maji. Walisalimika. Kisha jeshi lilifika. Wanaume wa mtaa waliitwa uwanjani, kila mtu na karatasi zake, na Nasoro hakuogopa, kwa sababu hakuwa amefanya kitu.

"Tulipanga mustari," Uledi alisema. "Mimi niko nyuma yake, watu wawili katikati. Wakafungua kitambulisho chake. Iko na muhuri ya Kigoma, tarehe makumi mbili na saba. Wakamuuliza, umetoka ng'ambo siku mbili kabla ya vita, umekuja kufanya nini?"

"Akasema nini?"

"Akasema nimekuja kupimwa nguo."

Mtu alipita barabarani na baiskeli, akatusalimu, tukaitika.

"Walicheka, Asmani. Yule mukubwa wao alicheka kabisa. Akasema, nguo ya nani? Nasoro akasema, iko Italia. Basi wakacheka tena, wakamupandisha lori. Mimi nilikuwa na mchoro wako ndani ya mufuko. Nilikuwa nao hapa." Aligusa kifua. "Ningetoka mustarini niseme, ni kweli, ndiyo mimi fundi. Miguu ilikataa. Ilikataa, mwanangu."

Lori lilikwenda njia ya Minago. Hakuna aliyeona zaidi ya hapo.

Nilikwenda ofisi ya serikali kuuliza. Karani, kijana niliyesoma naye, alitazama mlango kabla ya kunijibu. "Nani amekutuma kuuliza?" alisema. Nikasema hakuna. "Basi rudi nyumbani, Asmani. Murakoze, asante, rudi." Nilirudi tena mara mbili mwaka ule. Mara ya mwisho meza yake ilikaliwa na mtu mwingine.

Mama alinipokea kama natoka sokoni. Alinipa chakula, akakaa kunitazama nikila. Niliweka kisanduku mbele yake, suti mbili ndani, moja imekwisha na moja ina bandi. Aliangalia, akafunga, akakisukuma chini ya kitanda.

"Mama, ni mimi niliyempelekea simu."

"Ni mimi niliyesema mbili."

"Barua yake niliisoma. Alisema hatarudi mpaka mwezi wa sita."

"Na Jumapili ya kwanza ningemwacha aende na mitumbwi ya usiku," mama alisema. "Watu waliondoka usiku ule. Nilisema hapana, angoje, Mungu atatulinda sote. Kwa hiyo lawama yangu usinichukulie."

Nilitaka anilaumu, naye alitaka nimlaumu, na kila mmoja alikataa kumpa mwenzake.

Matanga hatukuweka. Sheikhe aliuliza kama kuna aliyeuona mwili, au aliyemwona akifa. Hakuna. Basi mtu huyo, alisema, kwa sheria yuko hai mpaka ijulikane. Hatukumsalia. Zuwena alijifungua mtoto wa kike Ujiji mwezi wa saba, akamwita Mwamini. Hakuwa mjane, na mume hakuwa naye. Aliniandikia mara moja tu mwaka ule, kuuliza kama Nasoro alikwisha pimwa. Nilimjibu kwamba alipimwa, nikaweka barua ya Uledi ndani ya bahasha, kwa sababu chini yake palikuwa na maneno ya mumewe.

Miaka minne ikapita. Mwaka 1976 Zuwena alivuka, amempakata Mwamini, na kaka yake mmoja amemsindikiza. Kuna mtu mwema huko Ujiji alitaka kumwoa. Masheikhe wa kwao walisema miaka minne inatosha, ila jamaa wa karibu wa mume atamke mbele ya mashahidi kwamba wamekata tamaa naye, kwamba wanamhesabu amekufa. Baba alifariki kabla ya vita. Nilibaki mimi.

Tulikaa barazani, sheikhe, Uledi, kaka yake Zuwena. Mama alikuwa ndani, mlango uko wazi. Usiku uliotangulia alikuwa ameniambia, "Usiseme. Nasoro anajua kuogelea."

"Shemeji," Zuwena alisema, macho yake chini, "mimi sikusukumi. Ukisema ningoje, nitangoja. Lakini mtoto ananiuliza baba yuko wapi, na mimi sina hata neno moja la kumpa. Nipe neno."

Mwamini alikuwa amesimama kando ya Uledi, anachezea mkasi uliofungwa kamba. Sheikhe aliniambia niseme polepole, ili mashahidi wasikie. Nilitafuta njia ya kusema kile ninachokijua tu: kwamba alipandishwa lori, kwamba njia ilikuwa ya Minago. Sheikhe alisema hiyo haitoshi.

Nikasema. Nikasema, mimi Asmani, ndugu yake Nasoro wa tumbo moja, nashuhudia kwamba ndugu yangu amekufa.

Uledi aliinamisha kichwa. Zuwena alianza kulia, kwa sauti ndogo, na kaka yake akamshika mkono. Sheikhe alikuwa akiandika. Kutoka ndani sikusikia kitu. Nilingoja mama aite jina langu, au la Nasoro, au atoke anikatalie mbele ya watu, na kama angetoka ningeyameza maneno yangu papo hapo. Hakutoka. Baada ya muda nilisikia akimimina maji kwenye birika, akitutengenezea chai, na vikombe alivyopanga, nilivihesabu kwa mlio, vilikuwa vya watu waliokuwepo tu, cha Nasoro hakikuwemo.